Nyeupe ya Enfield, mezani kwangu Sinza

"Dada, umekiharibu kioo."

Kijana ninayefanya naye kazi studio alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe cha chai mkononi, akiitazama monita kubwa tunayohariria picha za harusi. Kifaa cha kupimia rangi kilikuwa bado kinaning'inia kwa waya wake katikati ya kioo. Kilikuwa kimemaliza kusoma viraka vilivyopita chini yake kimoja kimoja: nyekundu, kijivu, kijani iliyokolea, kijivu tena, kijivu nyingine. Programu ikauliza kama nataka kutumia profaili mpya. Nikabofya ndiyo.

Kioo kikawa cha njano.

Haikuwa njano ya kupiga kelele, lakini gauni la bi harusi lililokuwa wazi kwenye skrini halikuwa jeupe tena. Sikubishana naye. Nilimwambia akae, tumalize chai, tuendelee kuchagua picha. Tukiwa katikati ya kazi akachukua simu yake kujibu ujumbe, akaishika karibu na monita, akasita.

"Sasa simu ndiyo imekuwa ya bluu."

Simu haikuwa imeguswa na mtu.

Habari ya macho kuzoea mwanga mpya kila mpiga picha anaijua, kwa hiyo siyo iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima ni swali aliloliacha hewani wakati anaosha vikombe: "Kwa hiyo nyeupe yenyewe ni ipi, ya asubuhi au ya sasa? Na nani kasema?" Nilimjibu "kiwango cha kimataifa", jibu la mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Mazungumzo yaliisha kweli. Swali likabaki na mimi wiki baada ya wiki.

## Damu ya mzee tatu

Kifaa tulikinunua kwa sababu ya ugomvi. Harusi moja, sare za kamati zilikuwa damu ya mzee, na mama wa bi harusi alivaa rangi hiyohiyo, lakini ya hariri. Albamu iliporudi kutoka maabara ya picha, hariri ilikuwa imezama: kahawia inayokaribia weusi, mikunjo yote imemezwa. Mama alikuja na kipande cha kitambaa kwenye mkoba. Akakiweka juu ya ukurasa wa albamu, mbele ya monita yetu iliyokuwa na picha ileile.

Damu ya mzee tatu, na hakuna mbili zilizofanana.

"Mwanangu, mimi nilinunua hii," alisema, akagusa kitambaa. Hakuongeza neno, na hakuhitaji.

Maabara walisema faili letu lina giza. Sisi tukasema tatizo ni mashine yao. Kila upande ulikuwa na kioo chake cha kuthibitishia, na hapo ndipo ugomvi wa rangi unapokuwa mchungu kuliko ugomvi wa pesa: mnaweza kubishana mpaka magharibi bila hata mmoja wenu kusema uongo.

## Mwangaza wa dukani

Monita inapotoka kwenye boksi imepangwa iuzike. Mwangaza uko juu, na nyeupe yake ina bluu ndani, kwa sababu nyeupe ya namna hiyo huonekana safi na kali ikiwekwa kando ya nyingine. Si mchezo wa juzi. Monita za zamani za mirija, zile zenye kisogo kirefu, nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye kelvini 9300 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya nyeupe), wakati kiwango cha picha na video ni 6500. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nyeupe inavyoelekea kwenye bluu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya programu kabisa. Niliiacha monita iwake nusu saa ipate moto. Nikazima kila kinachojifanya kusaidia: mwanga wa usiku wa Windows, kuokoa umeme, utofautishaji unaojibadilisha wenyewe. Kisha nikaingia kwenye menyu kwa vile vitufe vya chini ya kioo vinavyotesa vidole, nikachagua hali ya mtumiaji, nikaanza kupunguza bluu. Programu inakuonyesha mistari mitatu, nyekundu, kijani na bluu, na kazi yako ni kuileta ikae sawa. Unaishusha bluu kidogo, kijani kinajitokeza. Unakishusha kijani, nyekundu inabaki juu peke yake. Unarudi ulikotoka. Ni kazi ya subira, na jirani akipiga hodi katikati yake unaanza upya.

Halafu mwangaza. Kifaa kilisoma karibu kandela 300 kwa kila mita ya mraba. Watu wanaohariri kwa ajili ya karatasi hukaa 120 au chini yake. Kiwango chenyewe cha sRGB, kile cha rangi za kawaida za skrini, ambacho HP na Microsoft walikipendekeza mwaka 1996, kiliandikwa kwa kioo cha kandela 80 ndani ya chumba chenye mwanga mdogo. Nilipofika 120 moyo uliniuma. Kioo kilionekana kimechoka, na mimi nilikilipia pesa nzuri kwa sababu kilikuwa kinang'aa.

Lakini hariri ya mama ilizamia hapohapo. Ukihariri kwenye kioo kinachowaka mara mbili au tatu ya inavyotakiwa, kila picha inaonekana ina mwanga uliozidi, na mkono unaishusha wenyewe. Karatasi haina taa nyuma yake. Inapokea ulichokishusha na kukichapa hivyohivyo. Yale malalamiko ya "picha zimetoka nyeusi" ninayoyasikia kwa wenzangu karibu kila msimu wa harusi, mengi ni ya mwangaza wa kioo. Rangi inasingiziwa tu.

Upimaji wenyewe tuliufanya kwa DisplayCAL ya Florian Höch, ambayo ndani yake inaendeshwa na ArgyllCMS ya Graeme Gill; zote mbili ni za bure. Programu inaweka kiraka cha rangi inayojulikana, kifaa kinasoma kilichotoka, tofauti inaandikwa. Mwishoni unapata vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza ni marekebisho yanayopakiwa kwenye kadi ya michoro. Cha pili ni profaili ya ICC, ambayo hairekebishi chochote: inaiambia tu programu ya kuhariri kioo hiki kina tabia gani. Programu isiyosoma profaili itakuonyesha ya kwake, na wewe utalaumu kifaa.

Kuna kisichopimika kikapona. Laptopu ya kijana, moja ya zile za bei nafuu ambazo kwenye sifa zake wameandika asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha zamani cha televisheni cha upana wa rangi), tuliipima pia. Kijivu kilinyooka vizuri. Nyekundu haikusogea; ilibaki na uchungwa uleule, kwa sababu paneli haina nyekundu iliyokolea zaidi ya hiyo. Hilo kijana alilipokea vibaya kuliko njano.

## Watu 17

Sasa swali la vikombe. Nani kasema?

Nilifuata namba. Ile 6500 inaelekea kwenye nyeupe inayoitwa D65, nyeupe ya mchana, ambayo Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, imeiandika kwa viwianishi: x ni 0.3127 na y ni 0.3290. Viwianishi hivyo navyo vinasimama juu ya mtu mmoja wa kufikirika, "mtazamaji wa kawaida", ambaye tume ilimpitisha kwenye kikao chake cha Cambridge, Uingereza, Septemba 1931. Nikamtafuta huyo mtazamaji ni nani.

Ni watu 17.

W. David Wright alipima 10 pale Chuo cha Imperial, London. John Guild alipima 7 katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington. Kila mmoja alichungulia kiduara kidogo, upana wa nyuzi 2, yaani kama ukucha wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Nusu moja ya kiduara ilikuwa na rangi inayopimwa, nusu ya pili ilichanganywa kwa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu. Mtu anazungusha vidhibiti mpaka mpaka wa katikati unapotea na nusu mbili zinakuwa kitu kimoja. Anaandikiwa, anapewa rangi nyingine. Wastani wa mikono hiyo ndio uliozaa jedwali linaloishi ndani ya kifaa kilichokuwa kinaning'inia Sinza.

Na mchana wenyewe je? Familia ya nyeupe za D ilitokana na vipimo 622 vya mwanga wa mchana, ambavyo wanasayansi wa rangi Judd, MacAdam na Wyszecki walivichambua mwaka 1964. Vipimo 249 vilichukuliwa Rochester, Marekani. 99 Ottawa, Kanada. 274 Enfield, kaskazini mwa London.

Mtwara sikuiona. Hata Cairo sikuiona.

Nilikaa na orodha hiyo siku kadhaa nikiwa na hasira tamu, ile anayoipata mtu akigundua kwamba amedhulumiwa na tena ana tarakimu za kuonyesha. Jua la saa sita la Dar halikuulizwa! Bi harusi wa Temeke anageuzwa wa njano mbele ya macho yangu ili alingane na anga la Enfield.

## Hasira ikakosa pa kukaa

Makala ya hasira hiyo niliianza. Ingesambaa, nina hakika. Kadi za Shirley zingekuwa aya ya pili. Hadithi yake mnaijua, ya Kodak na mwanamke mweupe ambaye ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo cha maabara, mpaka watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti walipolalamika ndipo filamu ikaanza kuzijali rangi za kahawia.

Kila nilipoiandika ilikatika palepale.

Shirley alikuwa chaguo. Kuna watu waliamua filamu ipendeze kwa ngozi ipi, na ngozi nyingine zikalipa. Fungua albamu yoyote ya rangi ya miaka ya 70 hapa mtaani utaona bibi na babu wamebaki macho na meno. Wale 17 hawakuwa wanachagua sura ya mtu. Walikuwa wanafuta mstari katikati ya kiduara. Wright na Guild kila mmoja alitumia kifaa chake na taa zake, bila kupanga pamoja, na matokeo yao yalipoletwa kwenye msingi mmoja yalikaribiana sana. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa hilo.

Haina maana kwamba macho yote ni mamoja. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo mama wa bi harusi na kijana wangu hawaioni bluu ileile hata wakisimama bega kwa bega. Na jedwali la 1931 lina kasoro zake zinazojulikana. Upande wa bluu lilipunja, Judd akapendekeza marekebisho mwaka 1951, na miaka mingi baadaye Sony, wakiuza monita za OLED kwa watu wa televisheni, wakalazimika kutegemea marekebisho ya aina hiyo: OLED na monita ya kawaida zikipimwa kwa jedwali la zamani na kusoma namba zilezile, jicho bado liliona nyeupe mbili. Namba zimekubaliana, macho yamekataa. Hapo mtu wa studio anaruhusiwa kucheka.

Lakini kasoro hizo hazifuati pasipoti. Zinapita katikati ya kila ukoo.

Kuhusu anga, nilijiuliza: wangepima Dar, ningechagua ipi? Jua la asubuhi likiwa limelala juu ya mabati na kivuli cha alasiri chini ya mwembe vinaachana kwa maelfu ya kelvini, siku hiyohiyo, kiwanja hichohicho. Ningelazimika kuchagua moja na kuwaambia wengine wanifuate. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kwangu ni hesabu yenye akili kuliko kuanza usiku wa manane watu wamelala. Tiketi ya ndege hata hivyo tunaisoma kwa saa ya wenzetu, maana ndege haitasubiri tufafanue.

Nyeupe ya Enfield nimeichukulia hivyo. Siidai iwe ya kweli. Naidai iwe ileile: kwangu, kwa mwenye mashine ya kuprinti, kwa mhariri wa Nairobi ninayemtumia picha za jarida na ambaye sitawahi kuiona meza yake.

## Na zinazotazamwa kwenye simu?

Rafiki yangu, mpiga picha mzuri kuliko mimi, ana hoja ambayo sijaivunja. Picha zetu nyingi haziendi kwenye karatasi. Zinaenda WhatsApp, zinatazamwa kwenye daladala, kwenye simu yenye rangi kali na mwangaza umepandishwa mpaka mwisho kwa sababu ya jua. "Hariri kwenye simu," ananiambia, "ndiko zinakoishi."

Nimemjibu hivi, na hajakubali. Simu za wateja hazikosei upande mmoja. Ya huyu ina bluu, ya yule imezidisha wekundu, ya mwingine imewekwa mwanga wa usiku tangu mwaka jana na mwenyewe amesahau. Kioo changu kikiwa na bluu nyingi, nitaongeza joto kwenye ngozi mpaka inifurahishe, na joto hilo litasafiri na faili. Likifika kwenye simu ambayo nayo ina joto, bwana harusi anakuwa rangi ya chungwa. Nikianzia katikati, hakuna simu iliyo mbali sana nami.

Yeye anasema hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha nunua kifaa. Inawezekana.

## Mlangoni mwa maabara

Tuliirudia ile albamu. Tulihariri upya kwenye kioo kilichochoka, tukahifadhi faili zikiwa na profaili ya sRGB, tukazipeleka maabara ileile. Fundi wa pale, mtu mpole ambaye naye alikuwa amechoka kulaumiwa, alinionyesha jinsi mashine yao inavyojipima kwa karatasi kila asubuhi kabla ya kazi: inatoa ukanda wa viraka, inausoma, inajirekebisha. Mashine ilikuwa inajua inachofanya muda wote. (Monita ya kaunta, ambayo wateja wanaonyeshwa picha kabla ya kulipa, ilikuwa na bluu ya kutisha. Nilinyamaza.)

Ukurasa ulitoka. Mikunjo ya hariri ilikuwepo, kivuli chini ya mkono kilikuwepo. Nilitoa kipande cha kitambaa, tukaenda nacho mlangoni kwenye mwanga wa nje. Vililingana kiasi kwamba fundi alikishika kitambaa na kukigeuza atafute tofauti.

Tukarudi ndani, chini ya tyubu. Kitambaa kikageuka chekundu zaidi. Karatasi ikabaki kahawia.

Nilitoka nje tena. Vikalingana. Nikaingia ndani. Vikaachana.

Hakuna kilichoharibika. Dawa iliyotia rangi hariri na rangi zilizo kwenye karatasi ya picha hazifanani. Zinafika kwenye damu ya mzee kwa njia mbili tofauti, na njia hizo zinakutana chini ya mwanga mmoja tu. Tyubu za bei rahisi hazitoi rangi zote za mwanga sawasawa, kwa hiyo zinafichua siri. Na nikiifikiria vizuri, kioo chenyewe kinaishi kwa ujanja huohuo: kina taa za rangi tatu tu, na kinatuaminisha kuwa tumeona kitenge, ngozi na nyanya. Ndicho Wright na Guild walichopima, ni wapi jicho linakubali kudanganywa.

Watu wa karatasi wameliwekea hili utaratibu. Kiwango cha ISO 3664 kinataka machapisho yalinganishwe chini ya mwanga wa kelvini 5000, wenye ukali wa lukisi 2000. Yaani hata wao nyeupe yao si 6500. Nilipomsomea kijana hilo alirusha mikono juu akarudi kwenye simu yake.

Kibanda cha mwanga wa aina hiyo hatuna pesa nacho. Tulichofanya ni kuongeza mstari kwenye fomu ya oda: mteja mwenye sare alete kipande cha kitambaa, tukiangalie pamoja na chapisho la majaribio dirishani, kisha chini ya taa za ndani, halafu achague wapi anataka vilingane na aweke saini. Wengi wanachagua dirishani. Mama wa kwanza kuisaini alisoma mstari wote kwa sauti, akavua miwani, akatuuliza kama na mahari siku hizi inahesabiwa dirishani.